Dogo wa Issuna alimtengenezea mama yake websaiti kali, tatizo moja tu: haikufunguka

Basi lilisimama Issuna dakika chache tu, kama yanavyofanya mabasi mengi ya njia ile. Abiria wakashuka kunyoosha miguu, wengine wakakimbilia mahindi ya kuchoma, wengine wakaulizia bei ya kuku. Dada mmoja mwenye miwani ya jua akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mama anayeuza mafuta ya alizeti. Akafungua kifuniko cha dumu, akanusa, akadondoshea tone kiganjani, akalamba. Huyo anajua mafuta. Akasema ana duka Dodoma na anatafuta mtu wa kumtumia mzigo kila wiki. Siyo dumu moja. Kumi.

Mama macho yakamtoka. "Mwanangu, mbona sisi tuna websaiti yetu kabisa. Kila kitu kimo humo, bei humo, namba zetu humo."

Dada akatoa simu, akaandika anwani aliyotajiwa. Kikatokea kile kiduara. Kikazunguka. Kikazunguka tena. Dada akainua simu juu kidogo kutafuta mtandao, akaishusha, akatabasamu kwa adabu. Konda akaanza kugonga bodi la gari: "Twendeee! Twende zetu!" Kiduara bado kinazunguka.

"Usijali mama, ntaifungua nikifika."

Basi likaondoka. Mama hakuchukua namba ya yule dada, na yule dada hakuchukua namba ya mama, kwa sababu namba zilikuwa "humo". Ikapita siku, ikapita wiki. Hakuna aliyepiga.

Aliyeitengeneza hiyo websaiti ni mwanae wa pili, kijana wa miaka 24. Kidato cha nne alimaliza na matokeo ambayo hapendi kuyaongelea. Kompyuta hajasomea popote. HTML alijifunza usiku kwa bando la usiku, kwenye W3Schools na YouTube, kwanza kwa simu, baadaye kwa laptop ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa, ukichomoa waya tu imezima. Pale kijijini ndiye anayeitwa simu ikigoma, redio ikigoma, hata king'amuzi kikigoma. Ukimuuliza anafanya kazi gani anajibu "mambo ya IT", halafu anabadilisha mada.

Kwa wasiopajua, Issuna ni kata ya wilaya ya Ikungi, ipo kwenye barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida mjini. Magari ya Dodoma kwenda Kahama na Mwanza yanapita hapo hapo. Mkoa wa Singida ukiutaja, vitu viwili vinakuja haraka: kuku wa kienyeji na alizeti. Kwa hiyo mama kuuza mafuta barabarani si jambo geni, wapo wengi. Tofauti ni kwamba yeye alitaka kuvuka meza. Alitaka mtu aliyeko Dodoma au Dar aagize akiwa kwake, dumu lipakiwe kwenye basi, likapokelewe stendi.

Ndipo dogo akasema, "Mama, hiyo kitu ni websaiti tu. Nipe hela ya kuanzia."

Hela yenyewe ilitoka VICOBA. Mama alikopa 600,000. Sehemu kubwa alinunulia magunia ya alizeti kabla bei haijapanda, na 180,000 akampa mwanae kwa ajili ya jina la tovuti, sehemu ya kuihifadhi, na muundo mmoja wa kununua ambao dogo aliuona mtandaoni akaupenda mpaka akakosa usingizi. Anayeelewa VICOBA anajua kwamba pale hukopi peke yako. Kuna mdhamini. Ukichelewesha rejesho, siku ya kikao anayetazamwa siyo wewe tu, na yule aliyekuwekea saini naye anatazamwa. Mdhamini wa mama alikuwa shoga yake wa siku nyingi, anashona nguo nyumba ya tatu kutoka pale.

Sasa hiyo websaiti. Ukweli usemwe, ilikuwa kali. Ukiifungua kwenye kompyuta nzuri inakuja video ya shamba la alizeti alfajiri, jua linachomoza, maua yote yamegeuka upande mmoja. Dogo aliamka saa kumi na moja kuipiga hiyo video na alikaa na nguo za umande mpaka saa mbili. Juu ya video maandishi yanakuja yakiruka moja moja: WELCOME TO OUR COMPANY. Nyuma muziki. Ukishuka chini unakuta picha tano zinazobadilishana zenyewe, halafu "Our Vision", halafu "Our Mission", halafu picha ya mkulima anacheka, halafu kidirisha kinakurukia usoni kikitaka barua pepe yako. Namba ya simu ilikuwa mwisho kabisa, kijivu juu ya nyeupe, herufi ndogo kama za masharti ya bahati nasibu.

Akaipiga picha, akaitupia Instagram. Washkaji wa Dar wakaja na mioto yao: "Kaka umetisha", "Levo za mbele hizi", "Dogo wa kijijini anawaaibisha". Siku ile alilala na furaha. Kilichomtoroka ni kwamba kati ya wote walioweka moto, hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta mafuta ya kupikia.

Miezi mitatu. Oda, sifuri.

Jioni ya lile basi mama hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikula kidogo, akasogeza sahani, akasema tu, "Ile kitu yako leo imenizungukia mbele ya mtu." Akaingia kulala.

Dogo akachukua simu ya mama. Tecno ya zamani, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Akaandika anwani. Kiduara. Akahesabu kimya kimya mpaka akachoka kuhesabu. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo watengenezaji wengi wa kujifunzia nyumbani huwa wanalikanyaga bila kujua: miezi yote ile alikuwa anaitazama websaiti yake kwenye laptop ileile aliyoitengenezea. Mafaili yalikuwa ndani ya mashine. Hayakusafiri popote. Lazima yafunguke fasta! Mara chache alizoijaribu kwa simu alikuwa Singida mjini kwenye 4G, na kwa simu yake, siyo ya mama.

Akapima uzito wa ukurasa wa mbele. Megabaiti 9.

Wadau, tupige hesabu kidogo, siyo ngumu. Mtandao ukiwa wa kusuasua, wa kuvuta kilobaiti 32 kwa sekunde, megabaiti 9 zinachukua karibu dakika 5. Basi halisimami dakika 5 kusubiri video ya alizeti. Na mtu mwenye bando la MB 50 akifungua ukurasa kama huo mara tano, bando ndo limeisha hivyo, na hajanunua kitu. Mwaka 2016 Google walitoa takwimu zao kuhusu simu: asilimia 53 ya watu huondoka ukurasa ukizidi sekunde 3 kufunguka. Sekunde tatu! Yule dada wa Dodoma kumbe alikuwa mvumilivu sana.

Wiki hiyo dogo hakuandika mstari hata mmoja. Alisoma tu. Kwenye kusoma akakutana na maandishi ya Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuangalia watu wanavyohangaika na tovuti. Mwaka 2000 Nielsen aliandika kwamba huhitaji maabara wala watu mia, watu 5 wanatosha kukuonyesha makosa mengi. Unampa mtu kazi ya kufanya, unakaa pembeni, unaangalia. Sharti ni gumu kuliko linavyosikika: unafunga mdomo. Humwelekezi. Husemi "bonyeza pale". Mtu akikwama, unamwacha akwame, na unaandika.

Watu watano Issuna hawakosekani. Akamtengenezea kila mmoja kazi moja ileile: "Tafuta bei ya dumu la lita 20, halafu agiza."

Wa kwanza alikuwa bodaboda, kijiweni, saa saba mchana. Jua la pale mnalijua. Jamaa akaweka mkono juu ya kioo kama anayechungulia kisima, akakunja uso, akasema, "Dogo, mbona hujaandika kitu?" Maandishi yalikuwepo. Yalikuwa ya kijivu, yale ya kisasa, na juani yalikuwa yamepotea yote. W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, wana kipimo kabisa cha hili: utofauti wa maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1. Dogo hakuwahi kusikia. Baadaye jamaa akaona picha ya dumu, akaigusa. Haikufanya kitu. Akaigusa tena kwa nguvu zaidi, kama vile tatizo ni nguvu. "Hii picha imekufa," akasema, akamrudishia simu, abiria amefika.

Wa pili, mama ntilie. Mikono ina unga, akajifuta kwenye kanga, akaanza vizuri kabisa. Kidirisha cha barua pepe kikamrukia. Akatafuta pa kukifungia. Kile kialama cha kufungia kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi, kila akigusa anagusa pembeni, na kila akigusa pembeni kinamfungulia ukurasa mwingine. Watu wa Android wanashauri kitu cha kubonyeza kiwe kama milimita 9 kwa 9, karibu saizi ya ncha ya kidole, na sababu ni hiyohiyo, watu wanabonyeza kwa vidole. Mama ntilie hakujua hilo, aliamini yeye ndiye mbaya. "Basi mwanangu, mimi mambo haya siyawezi," akasema, na aliongea kwa aibu. Dogo akaandika kwenye daftari: *amejilaumu yeye*. Akaupigia mstari huo mara mbili.

Wa tatu alikuwa ticha wa sekondari, msomi, Kiingereza kimenyooka. Dogo alijua huyu ataelewa. Ticha akasoma "Our Vision" kwa sauti yote, akasoma "Our Mission" yote, akatikisa kichwa kama anayesahihisha insha, halafu akauliza, "Sasa bei ni shilingi ngapi?"

Hapa dogo akavunja sharti. Akaanza kueleza: mwalimu, bei ipo ukibonyeza hapa, halafu unaingia pale, halafu...

Ticha akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza taratibu, "Kila mteja utakuwa unapanda naye basi umwelezee hivyo?"

Wa nne, konda. Huyo alimpata gari likiwa limesimama. Sekunde ishirini hivi, muziki ukalia ghafla kwenye simu yake, abiria wa mbele wakageuka, konda akaizima yote akaiweka mfukoni. Jaribio limeisha.

Wa tano alikuwa bibi yake. Bibi hasomi sana, na simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo dogo alimshikia laptop na kumwonyesha tu kama heshima. Kwenye laptop websaiti ilifunguka yote, video, jua, kila kitu. Bibi akafurahia maua. Wakashuka chini mpaka kwenye ile picha ya mkulima anacheka.

"Huyu mzungu ni nani?"

"Ni picha tu bibi, ilikuja na muundo."

"Ndiye anayetukamulia mafuta?"

"Hapana bibi."

"Sasa mbona mmemweka yeye, mama yako yuko wapi?"

Dogo akakosa jibu. Na ukiangalia kwa makini, swali la bibi ndilo lililokuwa zito kuliko yote ya wale wengine. Nchi hii kila mwenye simu ameshatumiwa ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Watu wameibiwa, watu wamechoka. Mtu wa Dar akifungua ukurasa unaosema unauza mafuta Singida, akakuta Kiingereza kitupu, mzungu anacheka, na hakuna sura wala mahali, atatuma hela kweli? Hatumi. Anafunga anaenda zake, na wala hakuambii kwa nini. Kasi ilikuwa tatizo, sawa, lakini hata ingefunguka kwa sekunde moja, waliofika wasingeamini.

Usiku ule akaanza kufuta.

Kufuta kunauma, asikudanganye mtu. Muziki ulitoka kwanza, haukumuuma. Kidirisha kikafuata. Vision na Mission zikatoka pamoja. Mzungu akatoka. Picha za kubadilishana zikatoka. Ikabaki video ya alfajiri. Aliiacha siku mbili nzima. Akajaribu kuipunguza, akajaribu kuifupisha, akajishawishi kwamba wageni wanaihitaji kwa ajili ya hisia. Siku ya tatu akaitoa kwenye ukurasa akaihamishia kwenye simu yake, na huko ndiko iliko hadi leo.

Kilichobaki ni ukurasa mmoja. Juu kabisa picha moja: mama, kitenge chake cha kila siku, amesimama nyuma ya meza yake, dumu mkononi, nyuma yake barabara inaonekana. Picha ilipotoka kwenye simu ilikuwa megabaiti 4, akaipunguza upana na kuibana mpaka kilobaiti 60, na bado sura ya mama inaonekana vizuri. Chini ya picha, kwa Kiswahili, maandishi meusi makubwa: mafuta ya alizeti, lita 5 ni 25,000, lita 20 ni 90,000. Mashudu pia yapo. Tunatuma kwa basi. Halafu vitufe viwili vipana kama kiganja cha mtoto: PIGA SIMU na TUMA WHATSAPP. Ukigusa cha kwanza, simu inaweka namba yenyewe tayari kupiga. Ukigusa cha pili, unaingia WhatsApp na ujumbe umeshaandikwa, "Habari, nahitaji mafuta", wewe unamalizia tu. Mambo haya mawili hayahitaji programu wala malipo. Ni kiungo cha kawaida, kimoja kinaanza na tel, kingine na wa.me, mtu yeyote anaweza kukiandika kwa simu akiwa kitandani.

Ukurasa mzima ukawa na kilobaiti 90. Kwa ule mtandao wa kusuasua wa hesabu ya juu, ni kama sekunde 3.

Akamtumia mshkaji wake wa Dar, yule aliyeweka mioto mingi zaidi. Jibu likaja: "Bro umeishusha. Inaonekana ya mwaka 1999." Lilimchoma. Lakini jamani, ya zamani siyo tusi. Tim Berners-Lee alipoweka ukurasa wa kwanza wa wavuti mwaka 1991 pale CERN, ulikuwa maandishi na viungo basi, na mpaka leo unafunguka kwenye simu yoyote, hata ile Tecno yenye ufa.

Pamoja na hayo mshkaji hakukosea yote. Dogo kwa hasira za kufuta alikuwa amepitiliza. Marissa Mayer, aliyefanya kazi Google miaka ya mwanzo, amesimulia kwamba walipoanza kuwaangalia watu wakitumia ukurasa wao mtupu, baadhi walikaa tu wakiutazama, wakidhani haujamaliza kufunguka. Ikabidi waweke mstari mdogo chini ili mtu ajue ukurasa umefika mwisho. Issuna ilitokea ya aina hiyo hiyo. Simu ya kwanza kabisa kuingia kupitia ukurasa mpya, mtu hakuuliza mafuta. Aliuliza, "Samahani, nyie mko wapi?" Dogo alifuta mpaka mahali! Kwake Issuna ni Issuna, nani asiyeijua. Akaongeza mstari: Issuna, wilaya ya Ikungi, barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida. Wiki iliyofuata mwingine akauliza dumu linafikaje na nauli ya mzigo analipa nani. Akaongeza mistari miwili: unalipia mafuta, mzigo unapakiwa, unatumiwa picha ya dumu na ya tiketi ya mzigo, nauli unalipa ukipokea. Kila kilichoongezwa kiliongezwa kwa sababu mtu alikiuliza. Akaweka sheria hiyo kwenye daftari, chini ya ule mstari wa mama ntilie.

Halafu akawarudia walewale. Bodaboda, jua lilelile: akapata bei kabla hajakunja uso, akapiga, simu ya mama ikalia kwenye meza, wakacheka. Mama ntilie alikataa mwanzoni, akabembelezwa, akashika simu kwa kidole kimoja kama anayegusa sufuria ya moto. Akabonyeza WhatsApp. Ujumbe ukatokea. "Ah," akasema. "Kumbe."

Ingekuwa filamu, hapa yule dada wa Dodoma angepiga simu. Hakupiga. Pengine alishapata mtu mwingine muda mrefu, na huyo mtu anamtumia madumu kumi kila wiki.

Waliopiga ni wengine, mmoja mmoja. Mzee mmoja wa Dodoma, madumu mawili. Dada wa Dar aliyeanza na lita 5 ya kujaribia, akarudi na wenzake wa ofisini. Kuna wiki zilipita kimya kabisa. Na VICOBA haikusubiri. Marejesho mawili mama alishindwa, na yule shoga yake fundi nguo akayatoa yeye, bila neno, mbele ya kikao. Mama alimlipa kidogo kidogo, nyingine hela, nyingine mafuta, mpaka deni likaisha. Katika muda wote huo fundi hakumtania dogo kuhusu websaiti hata siku moja, na dogo anasema hilo lilimuuma kuliko angetaniwa. Alipomaliza ya mama, akakaa siku nzima akamtengenezea fundi ukurasa wake: picha tatu za magauni, bei ya kushona, kitufe cha simu. Hakumwomba hela.

Juzi kati alizeti ikapanda bei. Mama akabadilisha bei mezani, lita 20 ikawa 100,000. Mchana wake gari dogo likasimama, baba mmoja na familia yake, wanaelekea Mwanza. Akashuka na simu mkononi, ukurasa umefunguka, picha ya mama ndani, mama mwenyewe mbele yake.

"Shikamoo mama. Hapa mmeandika tisini."

Mama akaisogeza simu ya yule baba karibu na macho. Akasoma. Ilikuwa tisini kweli.

Dogo alipigiwa akiwa kwa jirani anatengeneza king'amuzi. "Ile kitu yako inasema bei ya zamani," mama akamwambia.

"Sasa ukamwambiaje, mama?"

"Ningemwambiaje? Imeandikwa, na sura yangu ipo hapo juu. Nimemuuzia tisini, kachukua mawili."

Dogo akaacha king'amuzi kikiwa wazi, nyaya nje, akatoka uani kutafuta pale penye mtandao.